Bei Iliyonywewa Fanta

Ujumbe uliingia Jumanne saa nne asubuhi, Assia akiwa na pini nne mdomoni na gauni la mteja magotini. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Jabe tangu alfajiri, kwa hiyo cherehani ilikuwa imelala na yeye alikuwa anashona upindo kwa mkono. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Mzee Bonfils hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa mtu wa kusema na kukohoa.

“Alo, binti yangu. Ni Mzee Bonfils wa ile nyumba ya Kanyosha. Nakusalimia sana. Sasa, unaona vile hali ilivyo. Mazutu, mafuta ya jenereta, haipatikani, na ikipatikana ni kwa bei ya kuibiwa. Kwa hiyo nyumba, ile yenu ya Ijumaa, si elfu mia tisa tena. Ni milioni moja na nusu. Kama haiwezekani, hakuna ubaya, avansi yako, ile pesa uliyotanguliza, ipo, utakuja kuichukua. Haya, Mungu akubariki.”

Assia alizitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wa pini. Kisha akausikiliza ujumbe mara ya pili, safari hii akiwa amesimama.

Ijumaa ilikuwa siku tatu tu mbele. Kaka yake Tajudini alikuwa anatua usiku wa Alhamisi kutoka Ubelgiji, na ruhusa ya kazini ya wiki moja tu. Shakuru, mdogo wao, alikuwa ameshafunga gereji yake Uvira na kuahidi kuvuka mpaka na mke na watoto. Wote walikuwa wanakuja kwa ajili ya jambo moja: mama yao alale kitandani.

Ukilisema hivyo kwa mtu asiyewajua atacheka. Lakini Mwantum, mama yao, alifua shuka kwa miaka ishirini na saba, na shuka zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za nyumba za kando ya ziwa, zile ambazo wenye nazo hukodi kwa siku mbili tatu ili waamke na kuona maji. Alikwenda kwa miguu kabla ya jua, akavua vitanda, akafua, akaanika, akapiga pasi ya makaa, akatandika upya, pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. Aliijua karibu kila nyumba ya ufuko ule kwa uzito wa magodoro yake. Kulala, hakuwahi kulala hata moja.

Assia alipokuwa na miaka tisa, siku ya likizo, alimfuata kazini. Alimkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda alichomaliza kukitandika, ameketi tu, mikono magotini, akiangalia ziwa dirishani. Mara gari likalia getini. Mwantum aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Akageuka, na kwa kiganja chake akapafuta pale alipokuwa ameketi, akapalainisha mpaka pakawa kama hajakaa mtu. Kile kiganja Assia hakukisahau.

Na ndicho kilichompeleka Kanyosha mwezi wa tano kutafuta nyumba. Mama yake alipoambiwa bei alishinda akiihesabu vidoleni. Jioni akasema: “Elfu mia tisa, watoto watatu, kila mutu mia tatu. Sawa, nimekubali. Lakini ikipanda hata faranga moja, mi siendi. Sitalala juu ya karo ya wajukuu zangu.” Na Mwantum alikuwa mtu wa neno moja. Aliwahi kukataa harusi ya dada yake mwenyewe kwa sababu walimwambia saa sita wakaja kumchukua saa tisa.

Assia alimpigia Bonfils. Simu iliita, haikupokelewa. Akapiga mara sita. Ndipo akampigia Tajudini.

“Dada, tulipe tu,” alisema Tajudini. Nyuma yake zilisikika honi za mji wa watu. “Hiyo nyongeza nitaitoa mimi. Mama hatajua.”

“Mama hatajua? Mama huyu aliyejua umeanza kuvuta sigara kwa kunusa barua yako?”

Tajudini alicheka. “Basi tafuta nyumba nyingine.”

“Mwezi wa nane? Watu wote wa Ulaya wako hapa. Nyumba zimejaa mpaka vibanda vya walinzi.” Akavuta pumzi. “Halafu, Tajudini, hata zingekuwepo. Tulipatana. Kesho naenda Kanyosha.”

“Una karatasi?”

Assia akakata simu. Karatasi alikuwa nayo, na karatasi ndiyo iliyokuwa inamuuma.

Ilikuwa hivi. Mwezi ule wa tano, walipomaliza kuvutana kwenye veranda ya nyumba ile nyeupe, bei ikiwa imeshuka mpaka elfu mia tisa kwa usiku tatu, Assia alitoa avansi kwenye mkoba. Bonfils akaukataa mkono wake.

“Polepole, binti yangu. Kwetu milimani hatupatani na midomo mikavu.”

Akamweleza, kwa fahari ya mtu anayefundisha mgeni mila njema. Kwao, ukiuza ng’ombe, ukiuza shamba, hata ukiazima jembe la msimu mzima, mnakunywa kwanza mbele ya abagabo, yaani wanaume wa kushuhudia. Wakishakunywa, neno limefungwa. Hakuna wa kulifungua. Na kinywaji hununuliwa na yule anayepata kitu.

“Hicho kinywaji kiko ndani ya bei?” Assia aliuliza.

“Kiko nje ya bei. Ndicho kinachoifunga bei.”

Alikwenda duka la ng’ambo ya barabara huku akinung’unika moyoni, maana hajawahi kusikia mpangaji anawanywesha majirani wa mwenye nyumba. Akarudi na mwenye duka, wamebeba wawili kasiye moja, kreti la chupa ishirini na nne, zinagongana. Mashahidi walitakiwa wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Népomuscène, jirani wa ukuta kwa ukuta, mstaafu mwenye kofia ya pama. Wa pili alikosekana, basi akaitwa Mama Daphrose, mwanamke mnene aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sinia pembeni mwa geti. “Leo na mimi ni mugabo!” alisema, akajifuta mikono kwenye pagne yake ya kitenge.

Bonfils aliinama akaitazama kasiye. “Hii ni nini?”

“Ni Fanta.”

“Naona ni Fanta. Nauliza bia iko wapi.”

“Muzee, mi ni mwislamu. Bia siinywi, siinunui, siibebi.”

Mwalimu Népomuscène alicheka mpaka kofia ikateleza. “Zoea, Bonfils! Mwezi wa saba wakwe wanakuja kumposa Orlane wako, na wale ni walokole wa kuoshwa na kukaushwa. Hutaona povu hata la kudanganyia.”

“Kwa Orlane nitakunywa hata maji ya ziwa,” alisema Bonfils. Orlane alikuwa binti yake wa pekee. Akafungua Fanta ya sitroni, ile ya limau, akainua chupa, akasema kwa sauti ya kanisani: “Elfu mia tisa. Usiku tatu, Ijumaa mpaka Jumatatu, wiki ya pili ya mwezi wa nane. Mumesikia?”

“Tumesikia,” walisema wawili wale, wakanywa.

Bonfils akachana ukurasa wa daftari, akaandika: Nimepokea avansi ya nyumba kwa Madamu Assia. Tarehe na saini. Assia akausoma. “Bei hukuiandika, muzee.”

“Bei inaandikwa ya nini? Bei wameisikia wanaume.”

Hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa nayo. Jumatano asubuhi aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kitambaa cha kichwani badala ya mkobani, akatoka Jabe. Vituo vya mafuta vilikuwa na foleni za magari zilizolala barabarani tangu jana, madereva wamevua viatu, wanacheza karata juu ya boneti. Mpaka anashuka Kanyosha jua lilikuwa limepanda, na vumbi limemfikia magotini.

Geti lilikuwa wazi. Kwenye veranda kulikuwa na kijana wa shati lililonyooshwa, anapima sakafu kwa hatua, anahesabu kwa Kifaransa. Bonfils alikuwa nyuma yake akimwonyesha ziwa kwa kidole kana kwamba na lenyewe ni lake.

“Viti hamsini vinaingia, mesie Rénovat. Hata sitini.” Kisha akamwona Assia, kidole kikashuka. “Ah. Binti yangu. Ungepiga simu.”

“Nimepiga mara sita, muzee. Nimeona nije na miguu na midomo yangu. Hamujambo?”

“Hatujambo,” alijibu kijana Rénovat kwa adabu. Alijieleza kwamba ni mtu wa kuandaa sherehe, ana wateja wa kutoka nje wanaotaka nyumba ya ziwani Ijumaa hii.

“Ijumaa hii,” Assia alirudia. Akamtazama Bonfils. “Kwa hiyo mazutu imepanda kwangu peke yangu.”

Bonfils alikohoa. “Ekute, sikiliza, mama. Kila kitu kinapanda. Mchele unapanda. Nyanya zinapanda, na we hulalamiki.”

“Nyanya nikishapatana bei na kuzitia kapuni, muuza nyanya hanifuati mpaka Jabe kuniambia zimepanda njiani.”

Getini mtu alicheka. Mama Daphrose alikuwa amekwishasogea na sinia lake, maana harufu ya ugomvi ilimfikia mapema kuliko harufu ya ndagala zake.

“Nyumba ni yangu,” alisema Bonfils, sasa bila utamu. “Nimejenga kwa jasho. Sherehe ya binti yangu imenikausha, na mimi nakula nini? Una karatasi inayosema elfu mia tisa? Itoe tuisome.”

Assia akaifungua karatasi kutoka kichwani. Bonfils hakuhitaji hata miwani kuisoma. “Avansi ya nyumba. Basi. Nitakurudishia avansi, urudi ulivyokuja. Hujapoteza kitu.”

“Nimepoteza miezi mitatu ya kutafuta nyumba nyingine. Nimepoteza nauli ya ndege ya kaka yangu. Na karatasi haina bei kwa sababu wewe ulisema bei haiandikwi, wameisikia wanaume.” Akaikunja tena. “Basi, muzee, waite wanaume.”

Bonfils alitabasamu. Hapo ndipo Assia alipoona kwamba alikuwa analingoja neno hilo. Akapaza sauti juu ya ukuta, na Mwalimu Népomuscène akaja na ndoo mbili tupu mikononi, maana kila asubuhi alichota maji kwenye tangi la Bonfils. Bomba la kartie, mtaa wao, lilikuwa halijatoa tone tangu Pasaka.

“Mwalimu,” alisema Bonfils, “huyu dada anasema mwezi wa tano ulisikia bei hapa. Ulisikia?”

Népomuscène alizitazama ndoo zake. Akalitazama tangi. “Nilikuwepo,” alisema. “Kunywa, nilikunywa. Sasa, bei yenyewe... siku zile sikio hili la kushoto lilikuwa linanisumbua.”

“Yoo!” alipiga kelele Mama Daphrose. “Sikio lilisumbuka, koo halikusumbuka! Mi nilisikia. Elfu mia tisa, usiku tatu, Ijumaa mpaka Jumatatu. Nakumbuka kwa sababu nilisema moyoni, mia tisa hiyo ni ndagala za mwaka, watu wanailalia!”

“Wewe ulikunywa Fanta mbili na ya tatu ukaificha kwenye pagne,” alisema Bonfils.

“Ndiyo! Na ndiyo maana nakumbuka!”

Rénovat aligeuka kutazama ziwa, mabega yake yakitikisika. Lakini Bonfils hakucheka. Alinyoosha shati lake, akasema taratibu, kama mtu anayeweka kufuli:

“Sawa. Tuseme walisikia. Mila naijua mimi, sikuisoma kitabuni. Kinachofunga neno ni pombe. Pombe ya ndizi, pombe ya mtama, hata bia ya kiwandani. Siku ile hatukunywa pombe. Tulikunywa Fanta. Fanta ni sukari na maji. Fanta haifungi kitu. Ilikuwa kiu tu, binti yangu. Tulikuwa na kiu.”

Hata Mama Daphrose aliinamia sinia lake, maana lilikuwa jambo la mila na katika mila kila mtu huogopa kuonekana hajui. Assia alihisi kitu kinateleza kifuani, kama uzi unapochomoka sindanoni mtu akiwa katikati ya mshono. Ijumaa mama yake angebaki Jabe. Angesema hakuna neno, angekoka moto, angewapikia wote. Tajudini angerudi Ubelgiji. Na siku moja mama angekufa akiwa hajui magodoro yale yanambeba mtu namna gani, yeye aliyeyalainisha kwa kiganja.

Apana, alijiambia. Akafumba macho kidogo, akarudi kwenye ile siku ya mwezi wa tano, chupa kwa chupa, neno kwa neno, kama afumuavyo gauni kutafuta mahali mkasi ulipokosea. Na akapaona.

“Mwalimu,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani. “Samahani, sikuuliza. Posa ya Orlane ilikwendaje?”

Népomuscène alishtuka, kisha akafurahi kuondolewa kwenye sikio lake la kushoto. “Ah, vizuri sana! Mungu alisaidia. Watu walijaa.”

“Na msemaji wa upande wa baba alikuwa nani?”

“Mimi.” Kofia ilinyooka yenyewe. “Mimi ndiye niliyepokea.”

“Hongera, Mwalimu. Wakwe walileta kinywaji gani?”

Mwalimu aligeuka kumtazama Bonfils. Bonfils alikuwa ameshaanza kubadilika rangi.

“Mwalimu?”

“Walileta... wale ni walokole, unajua. Walileta Fanta.”

“Kasiye kumi na mbili!” alisema Mama Daphrose. “Nilizihesabu zikishuka kwenye gari!”

“Na Mzee Bonfils alikunywa?”

“Alikunywa.”

“Na mkishakunywa, ulisimama ukasema nini mbele ya watu?”

Népomuscène alikuwa amefundisha miaka thelathini na tano, na alijua swali linakompeleka mtu. Lakini alikuwa na kiburi cha maneno yake, na maneno yale aliyasema vizuri siku ile. Aliyarudia, polepole: “Nilisema, tumepokea, tumekunywa, mtoto ni wenu.”

Assia akaitia karatasi yake kichwani, akafunga kitambaa vizuri, akachukua mkoba.

“Basi mi narudi Jabe. Ila muwatume watu kwa wale wakwe leo leo, muwaambie ukweli. Fanta haifungi. Orlane hajaposwa. Na ng’ombe wao wa mahari waje kuwachukua. Siku ile hamkuwa na posa, mlikuwa na kiu.”

Mama Daphrose aliliachia sinia. Ndagala zilimwagika kwenye vigae vya Bonfils, na yeye mwenyewe akakaa chini katikati yao, akipiga mapaja, machozi yanamtoka. “Kiu!” alilia. “Kasiye kumi na mbili za kiu! Yoo, mama we!” Rénovat aliacha kujificha akacheka waziwazi, ameshika nguzo ya veranda.

Bonfils alimgeukia jirani yake. “Mwalimu, mwambie huyu...”

Lakini Népomuscène alikuwa ameziweka ndoo chini. Alivua kofia, na bila kofia alionekana mzee zaidi na mnyoofu zaidi.

“Bonfils,” alisema, “mimi nina mdomo mmoja. Mdomo uliokunywa Fanta ya huyu dada ndio uliokunywa Fanta ya Orlane. Ukiuvunja upande huu, umevunjika na ule. Nitapita wapi kanisani kwa wale watu? Nilisikia. Elfu mia tisa. Nilisikia tangu mwanzo kwa masikio yote mawili. Niliogopa maji yako.” Akainama akazigeuza ndoo juu chini. “Maji nitayatafuta kwingine. Fanta inafunga.”

“Inafunga!” alisema Mama Daphrose kutoka sakafuni.

Rénovat alipangusa macho, akafunga daftari lake. “Muzee, leo nilikuja kukupa avansi. Lakini naona kwanza niulize, mimi nikununulie kinywaji gani ili neno likae? Na wiki ijayo akija wa kunizidi, itakuwa nilikunywa kiu?” Akampa mkono Bonfils, akampa mkono Assia, wake akiushika kidogo zaidi. “Nitatafuta pengine. Dada, ukichoka kushona nije nikuajiri. Wenye nyumba wote wa mji huu wanahitaji kukutana na wewe.”

Akaondoka. Bonfils alikaa kwenye ngazi ya veranda yake, mikono kati ya magoti. Alipoinua kichwa hakuwa tena na sauti ya kanisani.

“We ulisoma wapi?”

“Jabe.”

“Hee,” alisema Bonfils, na kitu kama kicheko kikamtoka puani. “Nitoleeni hiyo karatasi.”

Akaandika mwenyewe, chini ya saini yake ya zamani: Bei yote ni elfu mia tisa, usiku tatu, haipandi. Akatia saini ya pili. Népomuscène akatia yake bila kuombwa. Mama Daphrose, aliyesema kwamba kalamu na yeye hawajasalimiana tangu darasa la tatu, aliweka kidole chenye mafuta ya ndagala, na doa lile likakaa pale kama muhuri wa serikali.

“Sasa mazutu,” alisema Bonfils kwa unyonge.

“Jenereta uzime mapema, muzee,” alisema Assia. “Hilo nakupa mimi kwa hiari yangu. Sisi taa tunazo. Bei ni ile ile.”

“Na ya kufungia?” aliuliza Mama Daphrose, akiokota ndagala zake. “Neno lilifunguliwa, lazima lifungwe tena. Na anayelifungua ndiye anayenunua. Mila naijua na mimi.”

Bonfils alimtazama Népomuscène, Népomuscène akaitikia kwa kichwa. Ndipo mwenye nyumba mwenyewe akavuka barabara kwenda dukani, na wote wakamwona akirudi na mwenye duka, wamebeba wawili, chupa zinagongana. Assia alikunywa ya sitroni. Ilikuwa ya moto kwa sababu friji za duka zilikuwa zimezimika, na hakuwahi kunywa Fanta tamu kama ile.

Ijumaa saa kumi walifika wote, magari mawili na mabegi kama ya hija. Bonfils alikuwa getini na funguo. Mwantum alishuka polepole, amevaa mtandio mpya wa zambarau, akamsalimia, akauliza bei ni ngapi.

“Elfu mia tisa, mama,” alijibu Bonfils, haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. “Imefungwa mara mbili.”

Mwantum akaingia ndani. Wajukuu walikimbilia maji, yeye alikwenda moja kwa moja chumba cha mbele chenye dirisha la ziwani. Watoto wake watatu walisimama mlangoni kama watu wanaongoja daktari. Aliishika shuka kwa vidole viwili, akaisugua, akainusa.

“Muzee!” aliita. “Anayekufulia ni nani? Mwambie apunguze jiki, inakula uzi. Na pembe hizi nani kazikunja, mutu amefungwa macho?”

“Nitamwambia, mama,” alisema Bonfils kutoka veranda.

Kabla mtu hajamzuia, Mwantum alikuwa amekwishaivua pembe moja na kuanza kuikunja upya. Tajudini ndiye aliyemshika mikono yote miwili, akaishikilia. “Mama, acha. Wewe ni mugeni hapa.”

“Mugeni,” alisema Mwantum. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Nje, gari la Shakuru lililia honi, watoto wanachezea usukani. Assia alimwona mama yake akishtuka, mwili wote ukitaka kuinuka. Kisha Mwantum akatulia. Akavua viatu, kimoja baada ya kingine, akapandisha miguu juu, akalala chali, mtandio wa zambarau ukasambaa kwenye mto.

“Ni gumu kidogo,” alisema, macho kwenye dari. “Miaka yote nilidhani ni laini kuliko hivi.” Akacheka, akacheka mpaka wote wakaingia kitandani naye, watu wazima watatu, na kitanda kikalalamika.

Jumamosi aliswali alfajiri, akarudi kulala, akaamka saa tatu. Jumapili akaamka saa nne, akadai chai iletwe. Mama Daphrose alileta samaki, mukeke wawili wakubwa, akakataa kulipwa. Alisema hii ni ya ushahidi.

Jumatatu, mabegi yakiwa tayari nje, Assia alirudi ndani kumtafuta mama yake. Alimkuta amesimama mbele ya kitanda. Shuka zilikuwa zimejikunja na kujiviringa, mto mmoja chini, mwingine umebonyea mahali kichwa kilipokaa usiku tatu. Mkono wa Mwantum ulikuwa umekwishanyooka, kiganja wazi, kinaelekea pale katikati palipobonyea.

Kikasimama hewani. Kikarudi. Kikaingia kifuani mwa gauni, kikatoka na noti iliyokunjwa, kikaisukuma chini ya mto.

“Ya anayefua,” alisema. “Miaka ishirini na saba niliwaza nitakuta kitu chini ya mto.”

Akakitazama kitanda kile kilichovurugika, akakitazama vizuri kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe. Kisha akajifunga mtandio, akatoka, na hakukilainisha.